Lenzi Aliyopewa Furaha

Zuena na Claudine, mmeniuliza mara tatu mnunue lenzi gani ya kupigia picha ndani ya nyumba zetu hizi zenye madirisha madogo, na mara zote tatu nimewajibu kwa mkato. Jibu ni hili: milimita thelathini na tano, isiyovutwa mbele wala nyuma, inayofunguka mpaka moja nukta nane. Kama hamhitaji zaidi ya hapo, karatasi hizi zilizobaki fungieni karanga. Lakini mimi jibu hilo lilinichukua zaidi ya miaka ishirini kulipata, na njiani nilimfanyia mtu ubaya. Sasa daktari wa macho ameniambia nina mtoto wa jicho na studio nimewaachia ninyi, kwa hiyo nimeona niwaeleze ilivyokuwa, kabla hamjaisikia kwa wengine huko sokoni ikiwa imeongezwa chumvi.

Nilianza kazi kwa Fundi Kassimu. Studio ilikuwa palepale mlipo leo, nyuma ya soko la Rumonge, ila jirani wa kulia alikuwa muuza mawese, na madumu yake yalipanda ukuta mpaka dirishani. Watu walikuja kupiga picha za vitambulisho wakaondoka wananukia jikoni. Fundi hakunichukua kwa sababu nilijua kitu. Alinichukua kwa sababu mimi ni mwanamke. Mnajua harusi za kwetu Waswahili: wanawake wana chumba chao, wanavua mitandio, wanaimba, wanamremba bibi harusi, na mwanamume hapiti mlangoni. Kwa hiyo Fundi alikuwa anapiga nusu ya harusi tu, nusu ya nje, yaani wanaume wamekaa kwenye viti wanangoja pilau. Marehemu mama yangu ndiye aliyekuwa akipika pilau hilo, na mimi nilikuwa nikimfuata, hivyo kila chumba cha mji huu nilikuwa nimeshaingia. Fundi aliniambia ujuzi utakuja baadaye, kama utakuja.

Siku ya kwanza alinipa kamera ya filamu yenye picha thelathini na sita na flashi kubwa kama tofali dogo. Nilirudi nimezimaliza zote. Zilizofaa zilikuwa tisa, na katika zote tisa bibi harusi alikuwa mweupe kama amemwagiwa unga, nyuma yake giza tupu. Fundi alizipanga mezani, akachukua moja, akaniuliza:

"Hapa ulikuwa unaona nini?"

"Bibi harusi," nikajibu.

"Hapana. Hukumuona. Iko analia. Kama ungemuona, ungesogea."

Nikaitazama. Kweli alikuwa analia, na mimi nilikuwa mita tatu mbele yake nikihangaika na vifungo.

Yeye Fundi mwenyewe alikuwa na kitu kingine. Ndani ya kopo la maziwa ya unga, kimefungwa kwa kitambaa cha kumfutia mtoto, alihifadhi lenzi moja ndogo, nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono. Aliiita objektifu, kama sote tulivyosema wakati ule. Haikuwa ya kazi za kulipwa. Aliitoa anapokwenda kumwona mgonjwa, au mzee wa mtaa nyumbani kwake, au watoto wa madrasa wakiwa wamekaa karibu na dirisha. Aliporudi, picha zile hazikuwa na weupe wa unga. Ulimwona mzee alivyo, na chumba kilivyo, na mwanga unavyoingia kwa mlango na kuishia kwenye mkeka. Ndani ya kila lenzi kuna tundu, linafunguka na kufunga kama mboni ya paka. La lenzi ile lilifunguka sana, likanywa mwanga mdogo uliopo likatosheka. Hilo ndilo jambo lenyewe. Ukubwa wa lenzi kwa nje haukwambii kitu.

Nilijua haya kwa kuchungulia. Fundi alinipa flashi, na mimi nikabaki na flashi. Nilijiambia kwamba siku moja atalifungua kopo lile aniambie, chukua. Nikafanya kazi naye miaka kumi na tisa nikingoja siku hiyo.

Kamera za filamu zikaondoka, za kisasa zikaja. Nilinunua yangu pamoja na lenzi inayokuja nayo ndani ya boksi, ile ya kuvuta, ambayo ninyi nyote mmeanza nayo. Nje, kwenye mwanga wa ziwa, haina matata. Ndani ya chumba inakabwa. Ukiivuta kidogo tu kumkaribia mtu, tundu lake linajifinya zaidi, nawe unabaki na njia tatu: upunguze kasi, yaani kamera ikae wazi muda mrefu zaidi, picha itikisike, uongeze ISO, yaani uilazimishe kamera ihisi mwanga zaidi, na uso wa bibi harusi uwe na chenga kama mchanga wa ufukweni, au uwashe flashi. Mimi niliwasha flashi. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameona kitu kingine.

Mpaka alipokuja Furaha.

Alitoka Uvira na mume wake, aliyekuwa akinunua ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, hapa na Minago na kuzipeleka sokoni Bujumbura. Ni Mkristo, anaimba kwaya, na huko kwao alikuwa akipiga picha za kanisani. Siku ya kwanza aliingia studio kuuliza kama kuna mtu anaweza kumsafishia kamera iliyoingia vumbi.

"Amahoro, yaya," akanisalimu, kama wanavyomwita dada mkubwa kule kwao. "Muzee Kassimu niko naweza kumuona?"

Nilimwonyesha kwa kidevu. Nilikuwa nampiga picha mteja wa kitambulisho, mteja akaondoka, akaja mwingine, akaondoka, na Furaha bado alikuwa amekaa kwenye kiti cha Fundi anauliza maswali. Kwa nini picha ya mlangoni inakuwa nyeusi. Kwa nini ukimpiga mtu kwa karibu pua inaonekana kali na masikio yanayeyuka. Kwa saa moja aliuliza mambo ambayo mimi sikuwa nimeuliza tangu nianze. Nilikuwa nayafikiria maswali hayo hayo, lakini niliogopa kuonekana sijui. Kisha akatoa picha moja kwenye bahasha: mama yake anamenya mihogo jikoni, mwanga umetoka mlangoni umeshika mikono tu. Fundi aliishika picha ile muda mrefu. Za kwangu alikuwa haziangalii zaidi ya pumzi mbili.

Siku ile nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kuna Mkongomani mmoja ana kamera ya kitoto. Ndivyo ilivyoanza.

Kwa kuwa naye ni mwanamke, akina mama wa mtaani wakaanza kumwita kwenye vyumba vya harusi. Alikuwa akiazima ile lenzi ya Fundi Jumamosi na kuirudisha Jumapili baada ya kanisa. Picha zake zilikuwa na moshi wa udi. Sijui kama mnanielewa. Katika picha zangu moshi ulikuwa doa jeupe lililoharibu kazi. Katika za kwake ulipita juu ya vichwa taratibu, ukauona mpaka unaponyooka kwenda dirishani. Mama mmoja aliniuliza barabarani, bila ubaya wowote, "Mama Hadija, za kwako mbona hazina moshi?" Nilicheka, nikasema moshi ni mbaya kwa kamera.

Kisha nikaanza tabia ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nikienda kusalimia nyumba ambazo Furaha amepiga harusi. Nakaa, nakunywa chai nisiyoitaka, naulizia watoto, naulizia magoti ya bibi, halafu nasema, hebu nione na picha za harusi. Nilizitazama moja moja nikitafuta kosa. Nikipata kichwa kilichokatwa au mkono uliofifia nilitoka na furaha ya siku nzima. Nisipopata, nilianza upya kutoka picha ya kwanza.

Kisha miguu ya Fundi ikavimba, na binti yake wa Bujumbura akaamua kumchukua. Asubuhi moja akatuita sote wawili. Mimi akanipa studio: ufunguo, viti, pazia la nyuma lenye mchoro wa maporomoko ya maji, wateja, na jina lake lililoandikwa mlangoni. Furaha akampa kopo.

Mtu mwenye akili angeona nani amepewa kikubwa. Mimi niliona kopo tu. Furaha alipoondoka nikabaki na Fundi, nikamsaidia kukunja nguo, nikavumilia mpaka shati la tatu.

"Muzee, kwa nini yeye?"

Hakujifanya hakuelewa. "Aliniomba," akasema.

"Tu?"

"Miaka kumi na tisa wewe hukuniomba. Nilifikiri huitaki."

Nilimalizia kukunja mashati. Alisafiri kesho yake, na nilimpungia mkono nikiwa bado na hasira naye.

Nikaamua kutafuta lenzi yangu, na iwe kubwa kuliko ya Furaha. Hapo ndipo nataka msikilize vizuri, kwa kuwa nyote wawili mna macho ya kupenda vikubwa. Nilipanda gari mpaka Bujumbura, nikaingia duka la vifaa vya picha. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mama, unapigaka picha za nini zaidi?" akaniuliza.

Ningemwambia, napiga picha za wanawake ndani ya vyumba vidogo vyenye taa moja, angenipa kitu sahihi kwa dakika mbili. Lakini nilisema, "Za kila kitu," kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye rafu ya juu, kwenye lenzi ndefu kama mchi, ya kuvuta vitu vya mbali. Nilijiona nikiingia nayo chumbani na Furaha akiiona.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi moja huko kijijini Kizuka. Chumba kilikuwa hatua nne kwa tatu, na ndani yake kulikuwa na kitanda, kabati, bibi harusi na wanawake kumi na sita. Niliegemea ukuta nikaona sikio. Nikaegemea zaidi nikaona sikio na hereni. Mwishowe nilitoka nje nikazunguka nyumba, nikapigia picha dirishani, nimesimama kwenye matuta ya mihogo, na watoto wa jirani wakaulizana kwa nini mama yule amefukuzwa harusini. Na hata hivyo picha zilitikisika zote, kwa kuwa lenzi ndefu inakuza kila kitu, hata mtetemeko wa mkono wako, na tundu lake ni dogo, kwa hiyo inadai mwanga ambao hapo haupo. Lenzi ile ni nzuri sana kwa ndege na mpira wa miguu. Mimi sikuwa na ndege wala mpira.

Harusi iliyofuata familia ile ilimwita Furaha.

Sasa nimefika pale ninapotaka kupapita haraka, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kulikuwa na Bi Mwajuma, ambaye hakuna harusi ya Waswahili wa Rumonge iliyopangwa bila yeye. Akisema chakula kianze saa sita, kinaanza saa sita. Alasiri moja tulikuwa kwake, wanawake wanane hivi, tunachambua mchele, akaniuliza mbele ya wote:

"Harusi ya mujukuu wangu nimuite nani, wewe ao Furaha?"

"Mwite umtakaye, bibi," nikasema. "Kazi anaijua."

Nikachambua mchele kidogo. Kisha nikaongeza, kama mtu anayejisemea, "Sijui tu zile picha zinalala wapi. Nyumba yao ni chumba kimoja, na bwana yake naye iko na telefone."

Ni hilo tu. Sikusema mume wa Furaha ameziona. Sikusema amemwonyesha mtu. Niliyaacha maneno yaende yenyewe, na wanawake wale, waliokuwa wamekaa vichwa wazi mbele ya kamera yake, wakatazamana. Na mimi nilijua ukweli. Furaha alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba picha za vyumba vya wanawake anaziweka kwenye kadi ya kamera iliyo peke yake, ndani ya mfuko wenye kufuli, na mume wake hajawahi kuuliza.

Kabla mwezi haujaisha hakuna aliyemwita tena. Alikuja studio.

"Yaya, kuna mutu alisema kitu juu yangu. Wewe uko unasikia mambo ya mutaa. Ni nani?"

"Watu wa hapa wanasema mengi," nikamjibu, nikashughulika na pazia la maporomoko.

"Sawa, Mama Hadija," akasema, akaenda. Hakuniita yaya tena.

Vyumba vyote vikawa vyangu. Nilikuwa na harusi kila juma, na kila nikirudi nilifungua picha nikaona unga uleule na giza lilelile, na sasa hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Wanawake walizipokea, wakasema asante, wakaziweka kabatini. Ningefurahi kama hata mmoja angelalamika.

Yakapita karibu mwaka mzima hivyo. Siku moja, saa saba mchana, mama mmoja alishuka kwa pikipiki mbele ya studio. Nilimfahamu, binti yake Mariamu nilimpiga picha za harusi. Mariamu alikuwa amejifungua kwenye kituo cha afya huko Minago, kabla ya wakati, mtoto mdogo kuliko mkate. Mume wake alikuwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kikazi, na safari ya kurudi ingemchukua siku kadhaa.

"Nakuomba uende umupige picha," mama yule akasema. "Baba yake amuone angali..."

Nilichukua kamera, lenzi zangu mbili na flashi. Nilimkuta Mariamu kwenye chumba chembamba chenye pazia nzito, mtoto amelazwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, wamefunikwa kitenge. Nilipochomeka flashi mkunga alinishika mkono.

"Hapa flashi hapana," akasema.

"Mara moja tu, mama."

"Hata mara moja. Mutoto huyu hataki kushtuka."

Sijui kama mwanga ule unamdhuru mtoto au haumdhuru. Chumba kilikuwa chake, na alisema hapana. Nikajaribu bila flashi. Nilipandisha ISO mpaka mwisho, nikashusha kasi mpaka chini, nikazuia pumzi. Mtoto alikuwa anapumua haraka haraka, na kila picha ilitoka ukungu. Ile lenzi ndefu sikuitoa hata mfukoni. Mkunga alisema naweza kurudi kesho, ila yeye hawezi kuniahidi kesho.

Nikapanda pikipiki nikarudi Rumonge. Furaha nilimkuta ufukweni, amechutama mbele ya nyavu zilizotandazwa mchangani, anageuza ndagala zikauke. Ilikuwa ndiyo kazi yake siku hizo. Sikuwa nimejua, kwa kuwa nilikuwa sijauliza.

"Furaha, naomba uniazime ile objektifu ya Muzee."

"Ya nini?"

Nikamweleza, mtoto, baba, mkunga, pazia. Aliendelea kugeuza samaki mpaka nikamaliza.

"Siazimi," akasema. Kisha akaenda kunawa mikono ziwani, akarudi anaipangusa kwenye kitenge. "Nitakuja nayo mwenyewe. Lakini mbele ya kwenda minakuuliza kitu kimoja. Ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema.

Alikwenda kwao, akarudi na kamera na lile kopo.

"Sawa. Twende, jua litashuka."

Tulipanda wawili nyuma ya dereva mmoja, jambo ambalo polisi hawalipendi. Mimi nilikaa katikati, na njia nzima ya Minago kopo la maziwa lilinigandamiza mgongoni.

Mjue alivyofanya. Hakutoa kamera kwanza. Alimsalimu Mariamu, akamwambia mtoto ana vidole vya mpiga gitaa, na Mariamu akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akamwomba mkunga ruhusa ya kufungua pazia upana wa kiganja. Akamgeuza Mariamu na kiti chake kidogo tu, mpaka mwanga ukatua shavuni kwa mtoto. Ndipo akaifunga lenzi. Kamera ilikuwa haiwezi kuisoma lenzi ya zamani vile, kwa hiyo alikisia mwanga mwenyewe, akapiga moja, akaitazama. Na hapa mjifunze: hakuliacha tundu wazi kabisa. Kwa karibu vile, ukilifungua lote, kope za mtoto zinakuwa kali na mdomo unapotea. Alilifinya kidogo, mpaka mbili nukta nane, maana namba ikipanda tundu hupungua, akamsubiri mtoto amalize pumzi kabla hajaanza nyingine, na katika nafasi hiyo ndogo akabonyeza. Alipiga sita. Kisha akanigeukia.

"Shika kamera," akasema. "Huyu ni mutu wako."

Nikaishika. Nilikuwa sijawahi kuigusa lenzi ile kwa zaidi ya kulipangusa kopo lake. Nikapiga nne.

Jioni ile tulimwonyesha Mariamu picha zote kumi kwenye kioo cha kamera bila kusema nani amepiga ipi, achague ya kumtumia mume wake. Alichagua ya Furaha. Nami, mbele ya mtoto ambaye hatukujua kama ataiona kesho, nilihisi lile jambo langu la zamani likinipanda kifuani. Nimeandika hili ili msidhani nilibadilika kwa siku moja. Mtoto aliishi. Sasa anasoma, na ana mdomo kuliko wenzake wote.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kwa Bi Mwajuma. Wanawake walikuwepo, karibu walewale. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakanipotea.

"Nilisema uongo juu ya Furaha," nikasema. "Picha zake hakuna mwanamume aliyeziona. Nilijua."

"Kwa nini ulisema?" Bi Mwajuma akauliza.

"Kwa sababu picha zake ni nzuri kuliko zangu."

Kuna mmoja alicheka kidogo, akaacha. Bi Mwajuma aliweka chini ungo wake.

"Basi tutamuita yeye," akasema. "Na wewe utakaa kwanza."

Nikakaa. Msimu mzima wa harusi nilipiga picha za vitambulisho, nikawasikia wakipita barabarani na ngoma. Ilikuwa haki, na sikuipenda hata siku moja.

Furaha hakusema amenisamehe, nami sikuuliza. Lakini nilikwenda kwake na lenzi yangu ndefu ndani ya boksi lake, nikamuuliza nichague nini. Alinieleza kama alivyokuwa akieleza kila mtu. Kwa kamera zetu hizi, ya hamsini ni nafuu na inafunguka vizuri, lakini kwenye chumba cha hatua nne utapata vichwa tu. Chukua thelathini na tano. Ukinunua iliyotumika, imulike kwa taa ya simu uone kama kuna ukungu wenye mizizi ndani ya kioo. Zungusha pete yake usikie kama inakwaruza. Watu wakiwa wawili au zaidi, wapange mstari mmoja, la sivyo mmoja atakuwa mtu na mwingine kivuli. Mtu anayecheza usimpige chini ya kasi ya moja kwa mia ishirini na tano ya sekunde. Aliyekaa anavumilia moja kwa sitini. Yote ninayowafundisha ninyi yametoka kwake, na nimekuwa nikiwaacha mdhani ni yangu.

Niliuza ile ndefu kwa mtu wa mpira, nikanunua thelathini na tano. Nilipata moshi wa udi. Akina mama wakaanza kuniita tena, mmoja mmoja. Kazi zilikuwepo za kututosha sote wawili. Picha zangu zikawa nzuri, na za Furaha nazo zikazidi kuwa nzuri, tukabaki umbali uleule.

Mwaka jana Hadija wangu aliolewa. Macho yalikuwa yameshaanza kuvaa ukungu, na hata hivyo nilitaka nipige mwenyewe. Hadija alinishika mkono akasema, "Mama, siku hiyo ukae." Nikamuuliza anamtaka nani. Aliangalia chini, hakutaja, nami nikampigia Furaha simu.

Nilikaa kati ya shangazi zake, nimepakwa hina, nimevaa nguo mpya. Furaha aliingia bila kelele, akazima taa moja kati ya mbili, akasogeza kiti, akaanza. Nilihesabu makosa yake. Nilipata moja.

Baada ya wiki mbili alileta albamu nyumbani. Tuliitazama pamoja na Hadija, Hadija akalia, wote wakasifu. Alipokuwa anaondoka nilimsindikiza mpaka barabarani, akatoa bahasha.

"Hii sikuiweka mu albamu," akasema. "Hakuna mutu ameiona. Kama unataka, naifuta."

Nilikuwa mimi. Shangazi wote wanamtazama Hadija, wanacheka, na mimi katikati yao nimeutengeneza mdomo wa mama wa bibi harusi, lakini macho yangu hayako kwa mwanangu. Yako kwenye mikono ya mwenye kamera. Ninaitazama mikono ile kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Hapakuwa na flashi, kwa hiyo sikujua nimepigwa. Mwanga wa dirisha umeingia kwa upande, umeshika jicho moja, na jicho lile limesema yote.

Nilisimama barabarani naitazama mpaka pikipiki ikanipigia honi.

"Kasi gani?" nikamuuliza.

"Moja kwa sitini."

Mimi ningeweka mia ishirini na tano, kwa woga, na kile kivuli chini ya jicho kingekuwa weusi mtupu.

"Usiifute," nikamwambia.

Ndiyo ile iliyo juu ya meza ya kupokelea wateja, ambayo mmekuwa mkiniuliza kwa nini niliitundika wakati sikutoka vizuri. Nimetoka vizuri. Katika picha zote nilizowahi kupigwa hakuna inayoikaribia, na nimeitafuta kasoro yake karibu kila asubuhi tangu siku ile, kwa macho haya yaliyobaki, bila kuipata.